Mionzi imekwisha, uponyaji wa ndoa bado



Kila aliyefunga ndoa kanisani anaikumbuka siku aliposimama mbele ya altare, akashikana mkono wa kuume na mwenzake, akaahidi uaminifu si kwa siku za raha tu bali hata siku za ugonjwa. Siku hiyo neno "ugonjwa" hupita upesi. Bibi harusi ni kijana, bwana harusi ana nguvu zake, ndugu wanapiga vigelegele na ukumbi unasubiri. Nani atakaa afikirie saratani?

Lakini ugonjwa huja. Na ukija, ahadi ile haiishii kwenye kuuza ng'ombe ili ipatikane nauli ya hospitali, wala kwenye kukoroga uji na kufua mashuka. Inaingia hadi chumbani. Leo naomba tuitazame ahadi hiyo mahali ambapo wengi wetu hatupendi kutazama: kwenye kitanda cha mume na mke, baada ya mke kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi.

Najua yupo atakayesema, "Padri, mambo haya si ya gazeti la Jumapili." Namwelewa. Tumelelewa hivyo, na staha ya lugha ni jambo jema. Lakini tendo la ndoa limo ndani ya sakramenti. Kanisa lililowabariki wawili hawa siku ya harusi haliwezi kuona haya siku jambo lilelile linapowaletea machozi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba yapo maradhi ambayo mtu hupona, ila ndoa yake ikafa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyasema.

Ugonjwa ulio karibu nasi

Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo wengine huiita ya mlango wa kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 nchini mwetu hupata ugonjwa huu na zaidi ya 6,000 hufariki. Hao ni mama zetu wa kwaya, wa WAWATA, wa jumuiya ndogo ndogo. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasogea, wakati upasuaji peke yake hauwezi tena kuuondoa. Hapo tiba kuu huwa ni mionzi, mara nyingi pamoja na dawa ya saratani inayoingizwa kwa dripu.

Kwa mama wa Kigoma, Lindi au Singida, maana yake ni safari. Ataenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza, hospitali ya kanda ambayo Kanisa letu lina mkono wake. Atapata mionzi ya nje, dakika chache kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki tano. Kisha hufuata mionzi ya ndani: kifaa hupitishwa ukeni hadi kwenye shingo ya kizazi, chanzo cha mionzi kikakaa karibu kabisa na uvimbe kwa muda mfupi, halafu kikaondolewa. Hili hurudiwa mara kadhaa. Kwa ujumla mama hukaa mbali na nyumbani karibu miezi miwili.

Tiba hii huokoa maisha, na hilo lazima lisemwe kwanza na kwa sauti. Wapo wanawake wanaosali nasi kila Jumapili, wanaolima, wanaouza sokoni, wanaolea wajukuu, ambao bila mionzi tungekuwa tumeshawazika. Asiwepo mama atakayesoma makala hii akaamua kuacha matibabu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi aliyoiumba Mungu. Mionzi nayo ni zawadi ya namna hiyo.

Yanayobaki mwilini

Ila mionzi inayoua chembe za saratani hupita pia kwenye nyama nzima zilizo jirani. Shingo ya kizazi imepakana na uke kwa chini, kibofu kwa mbele, njia ya haja kubwa kwa nyuma, na mifuko ya mayai pembeni. Vyote hivi huguswa, hata wataalamu wakijitahidi kuvikinga.

Kwanza ni uke wenyewe. Ngozi laini ya ndani huchubuka wakati wa tiba. Inapopona huacha makovu, mishipa midogo ya damu hupungua, na unyevu wa asili hukauka. Kuta zinaweza kugandamana, uke ukawa mfupi na mwembamba, ukapoteza ule uwezo wake wa kutanuka. Jambo hili haliji siku moja. Huanza miezi ya kwanza baada ya tiba na linaweza kuendelea mwaka wa pili na zaidi. Ndiyo maana mama anayejiona yuko salama mwezi wa pili anaweza kushangaa mwezi wa nane kwamba tendo la ndoa limekuwa kama kuchomwa kisu.

Pili ni mifuko ya mayai. Kwa mwanamke ambaye bado alikuwa anaona siku zake, mionzi kwa kawaida huisimamisha kazi. Hedhi hukoma, hata kama ana miaka 34 tu. Ghafla anapandwa na joto usiku, jasho linamtoka, usingizi unakimbia, hasira iko karibu, na hamu ya kukutana na mumewe inapotea. Mifupa nayo hudhoofika mapema. Tena uzazi unafungwa, kwa sababu mayai hayapo na mfuko wa uzazi umeshaathirika.

Tatu ni mambo ya jirani: kwenda haja ndogo kila wakati, tumbo kuvurugika, uchovu usioisha kwa kulala, na hofu ya harufu. Mwanamke anayejisikia hivyo hawezi kuwa mwepesi wa kukumbatiwa.

Nne ni jambo la moyoni. Kwa wanawake wengi dalili ya kwanza ya ugonjwa ilikuwa damu baada ya tendo la ndoa. Sasa amepona, anakutana na mumewe, anaona tone la damu. Mara nyingi ni mishipa iliyobaki dhaifu baada ya mionzi, ingawa ni lazima daktari ajulishwe kila inapotokea. Lakini kwa mama huyu tone lile si tone. Ni saratani imerudi. Usiku huo halali, na safari nyingine mumewe akimgusa bega mwili wote unakakamaa. Mume, asiyejua lolote, anageukia ukutani akidhani amechukiwa.

Mzigo wa kunyamaza

Mwili ungeweza kusaidiwa. Kinachoumiza zaidi ni kwamba kila mtu ananyamaza. Daktari ana foleni ndefu, naye anashukuru kwamba uvimbe umepungua. Muuguzi anaona aibu kumwambia mama wa rika la mama yake. Mama anaona haya kumuuliza daktari kijana. Mume hakuwepo, alibaki nyumbani na watoto na shamba. Hivyo mke anarudi na bahasha ya dawa na tarehe ya kliniki, bila hata neno moja kuhusu maisha yake ya ndoa. Nyumba inafungua milango kumpokea, wanajumuiya wanakuja kusali rozari ya shukrani, na usiku mlango wa chumba unafungwa juu ya watu wawili wasiojua la kufanya.

Ukimya huo ukikaa, hujaa uongo. Nautaja uongo wa namna tatu, kwa maana nimeusikia mara nyingi katika mazungumzo ya ofisini parokiani.

Uongo wa kwanza ni kwamba ugonjwa huu ni alama ya uzinzi. Si kweli. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenezwa kwa kujamiiana, lakini ni cha kawaida mno: wengi wa wanaume na wanawake hukipata wakati fulani wa maisha, na mwili wa wengi hukiondoa wenyewe. Kinapogoma kutoka, saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Mwanamke aliyemjua mwanamume mmoja tu, mume wake wa ndoa, anaweza kuugua. Kwa hiyo, baba, kabla hujanyoosha kidole kumwuliza mkeo aliipata wapi, kumbuka kwamba hata wewe unaweza kuwa ndiwe uliyekibeba kirusi hicho bila kujua. Yule anayeugua si mshtakiwa.

Uongo wa pili ni kwamba mume ataambukizwa saratani, au atapata mionzi iliyobaki mwilini mwa mkewe. Saratani haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa tendo la ndoa. Mionzi ya nje hupita ikaisha. Ile ya ndani, chanzo chake kikiondolewa, hakiachi kitu. Hakuna sababu ya kumhamishia mama chumba cha wageni, kumtengea sahani au kumnyima mtoto wa kulala naye.

Uongo wa tatu ni kwamba mwanamke huyo "si mwanamke tena". Huu ndio ukatili mkubwa kuliko yote, na mara nyingine husemwa na mama wakwe, na mawifi, na hata na wanawake wenzake. Uanamke haukai katika mfuko wa uzazi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana analia kwa kukosa mtoto, na Elkana mumewe anamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Swali hilo aliliuliza Hana akiwa bado tasa, kabla Samweli hajazaliwa. Kumbe mwanamume wa zamani zile, katika jamii iliyohesabu watoto kama utajiri, aliweza kumpenda mkewe kwa ajili yake mwenyewe. Sisi tuliobatizwa tutashindwaje?

Dhamiri ya mke

Sasa naongea na wewe mama ambaye unateswa na dhamiri. Swali ninaloulizwa ni hili: "Baba, nikimkatalia mume wangu kwa sababu ya maumivu, natenda dhambi?"

Nakujibu bila kuzunguka: hapana, hutendi dhambi. Wanaume wengine wanapenda kutumia barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya saba, kana kwamba ni hati ya kukamatia mtu. Paulo anasema kweli kwamba wanandoa wasinyimane. Lakini pale pale anasema mume naye hana mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe, mamlaka hayo anayo mkewe. Ni deni la pande mbili, nalo ni deni la upendo. Wanateolojia wa maadili wamefundisha tangu zamani kwamba deni hilo halimfungi mtu pale linapomletea madhara makubwa ya afya.

Papa Paulo VI katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968 anakwenda mbali zaidi. Katika namba 13 anafundisha kwamba tendo la ndoa likilazimishwa kwa mwenzi bila kujali hali yake, halihesabiki kuwa tendo la kweli la upendo. Wengi wanaijua barua hiyo kwa suala la uzazi wa mpango tu. Ni vizuri waijue na kwa hili. Anayemlazimisha mke mwenye majeraha hatimizi ndoa, anaijeruhi.

Wapo pia wanaojiuliza kama walitenda dhambi kukubali tiba iliyofunga uzazi wao. Barua hiyohiyo, namba 15, inasema tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili si haramu hata kama inajulikana itazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi hakukuwa ndiyo shabaha. Na namba 11 inafundisha kuwa tendo la ndoa haliachi kuwa halali pale uzazi unapokosekana kwa sababu zisizotokana na utashi wa wanandoa. Kwa hiyo, mama, ukipona na kuweza, mapendo yako na mumeo bado ni matakatifu. Hayana dosari kwa kuwa hayataleta mtoto.

Na wewe baba

Ndugu yangu mwanaume, sitaki kukusema tu. Najua nawe uliumia. Ulihangaika na fedha, ulilala peke yako miezi miwili, uliogopa kubaki mjane na watoto. Mkeo amerudi na mwili wake unakukataa, wala hakuna aliyekueleza sababu. Kijiweni rafiki zako wanakuambia utafute nyumba ndogo, kwamba mwanaume hawezi kukaa hivi. Huo si ushauri, ni kukusukuma kwenye shimo. Anayeugua nyumbani anajua siku ileile unapoanza kuchelewa kurudi.

Jiulize hivi. Wanaume nasi tuna saratani yetu ya tezi dume, na matibabu yake yanaweza kumwondolea mwanaume uwezo wa tendo la ndoa. Ingekuwa ni wewe, ungetaka mkeo akutendee nini? Ungetaka akucheke kwa shoga zake? Ungetaka atafute mwingine? Bwana wetu katika Mathayo sura ya saba ametupa kipimo: yale tunayotaka kutendewa ndiyo tuwatendee wengine. Na Paulo anawaambia Waefeso kuwa ampendaye mkewe anajipenda mwenyewe, na kwamba hakuna mtu anayeuchukia mwili wake bali huulisha na kuutunza. Mwili wake uliochomwa na mionzi ni mwili wako.

Basi fanya mambo matatu. Nenda naye kliniki walau mara moja, ukae ndani na si nje chini ya mwembe. Muulize yeye mwenyewe, kwa upole na si usiku wa manane: inauma wapi, unaogopa nini? Kisha mguse bila kudai. Mke aliyezoea kwamba kila anaposhikwa mkono kuna kinachofuata, ataogopa hata kushikwa mkono. Akijua kwamba unaweza kumkumbatia hadi mkalala, mwili wake utaanza kulegea wenyewe.

Msaada upo

Injili ya Marko, sura ya tano, inamtaja mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, hali ikazidi kuwa mbaya. Anakuja kwa nyuma, kwa kificho, anagusa vazi la Yesu, anapona. Angeweza kuondoka hivyo hivyo. Lakini Yesu anasimama. Yairo ana haraka, binti yake yuko mahututi, wanafunzi wanaona swali la Yesu halina maana katikati ya umati. Yesu anasubiri hadi yule mwanamke anajitokeza akitetemeka na kumweleza ukweli wote. Ndipo anamwita binti na kumwambia aende kwa amani.

Ona vizuri: damu ilikuwa imeshakauka kabla hajasema neno. Ila Yesu hakumwacha aende na mwili mzima na hofu yake moyoni. Alitaka aseme. Naamini hata leo uponyaji wa wengi unasubiri hapo, kwenye kueleza ukweli wote. Basi ueleze: kwa mumeo, na kwa daktari au muuguzi wa kliniki ya saratani. Waambie waziwazi, "Nikikutana na mume wangu ninaumia." Hawatakushangaa. Haya ndiyo unayoweza kuwauliza.

Uliza kuhusu kifaa cha kutanua uke. Ni kifaa laini chenye umbo la mshumaa, huja kwa ukubwa tofauti, na hupakwa kilainishi kabla ya kutumika. Wiki kadhaa baada ya tiba, maumivu yakishapungua, muuguzi humfundisha mama kukiingiza taratibu kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa wiki, ili kuta zisigandamane. Pale ambapo kifaa hakipatikani, muuguzi anaweza kuelekeza njia nyingine salama, hata kwa kidole kisafi. Wapo mama Wakatoliki wanaoona jambo hili ni uchafu au dhambi. Si dhambi. Ni tiba, sawa na mazoezi ya mkono uliovunjika. Tena si kwa ajili ya mume tu: uke ukiziba, daktari hawezi kuchunguza vizuri kama ugonjwa umerudi. Hata mjane na mtawa aliyetibiwa kwa mionzi anahitaji kuuliza habari hii.

Uliza kuhusu vilainishi vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Usitumie mafuta ya manukato, wala usijisafishe ndani kwa sabuni. Na nakusihi, achana kabisa na dawa za kubana uke, shabu na mizizi ya mitaani. Mwili wako hauhitaji kubanwa zaidi, unahitaji kutulizwa.

Uliza kuhusu homoni. Kwa wanawake wengi waliokoma hedhi mapema kwa sababu ya mionzi, daktari anaweza kutoa krimu ya kupaka ukeni au vidonge vya kupunguza ukavu na joto la usiku na kulinda mifupa. Inategemea aina ya saratani, kwa hiyo aamue daktari, si jirani.

Uliza lini mnaweza kukutana tena. Daktari akisharuhusu, msiharakishe. Mke ndiye aongoze mwendo, yeye ndiye aseme hapa na hapana. Na kama siku fulani itashindikana, haijaharibika ndoa. Wapo wanandoa ambao tendo lenyewe halitarudi kama zamani, au halitarudi kabisa. Nao ni mume na mke kamili. Ugonjwa uliokuja baada ya ndoa hauivunji ndoa.

Kwa binti au mjane aliyetibiwa na sasa anatamani kuolewa, neno moja. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba utasa wenyewe haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Usijihukumu mwenyewe wala usimfiche mchumba wako. Mweleze, kisha njooni wote wawili muongee na paroko na daktari.

Kazi ya parokia

Sisi wachungaji tunayo mimbari, na tunazo semina za ndoa ambapo tunafundisha mengi kuhusu kuanza ndoa na machache kuhusu ndoa iliyougua. WAWATA wanaweza kumwalika muuguzi mmoja Jumamosi moja akaongea na akina mama peke yao. Umoja wa wanaume wafanye vivyo hivyo, kwa sababu akina baba ndio wenye njaa zaidi ya maarifa haya na ndio wasiouliza. Jumuiya inayochangia nauli ya mgonjwa ichangie nauli ya watu wawili, ili mume naye afike hospitali hata kwa siku ile ya mwisho ya matibabu.

Tena tuwakinge wanaokuja. Tanzania imekuwa ikitoa chanjo ya HPV kwa wasichana nchi nzima tangu mwaka 2018, na sasa hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kina mama wapimwe mapema, hasa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni mara sita ya wengine. Mabadiliko yakionekana kabla hayajawa saratani, hutibiwa kwa njia nyepesi, na mama habebi mzigo huu tunaouzungumza leo.

Mpendwa msomaji, leo ukitoka kanisani utaketi mezani na mwenzi wako. Kama nyumbani mwako yumo aliyepita kwenye mionzi, usiache wiki nyingine ipite katika ukimya. Na wewe ambaye nyumba yako haijaguswa, chunga ulimi wako unapomtaja mama wa jirani.

Bwana Yesu, wewe uliyesimama katikati ya umati kwa ajili ya mwanamke mmoja, simama na leo mlangoni mwa vyumba ambavyo mume na mke wanalala wakiwa wamegeuziana migongo. Wape maneno. Wape subira. Uwafanye tena kuwa mwili mmoja kwa namna unayoijua wewe. Amina.